Jaji Waties Waring: Mzaliwa Aliyekataliwa na Mji Wake

Katika majarida yetu ya Siku ya Jamhuri tumezoea kuandika maisha ya wazee wa nyumbani: waliopigania mashamba, waliofungwa, waliopanda ndege kwenda Lancaster House. Mwaka huu tumeona tuandike juu ya mtu wa huku tunakoishi, tena Mzungu wa South Carolina, mtoto wa askari aliyepigana upande wa majimbo yaliyotaka utumwa uendelee. Wako watakaouliza mtu huyo anaingiaje katika sherehe yetu. Anaingia kwa mlango wa wakili mmoja. Januari 1960 wajumbe wetu walipokwenda London kuijadili katiba ya Kenya, mshauri wao wa sheria alikuwa Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, na ndiye aliyeandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya. Kabla ya hapo Marshall alikuwa amezunguka mahakama nyingi za Kusini mwa Marekani, na mara nyingi alitoka mikono mitupu. Jaji mmoja wa huko alimsikiliza kwa haki tangu kesi ya kwanza aliyompelekea. Huyo ndiye Julius Waties Waring.

Tueleze kwanza kazi yenyewe. Nchi hii ina mahakama za majimbo na mahakama za shirikisho. Jaji wa wilaya katika mahakama za shirikisho ndiye anayesikiliza kesi tangu mwanzo: mashahidi wanasimama mbele yake, mawakili wanabishana mbele yake, naye ndiye anayeandika hukumu kabla ya jambo kwenda kwenye rufaa. Huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kitini maisha yake yote akipenda. Wengi wetu tumewahi kusimama mbele ya jaji wa ngazi hiyo siku ya kula kiapo cha uraia, tukaondoka na bendera ndogo mkononi bila hata kulishika jina lake. Hapigiwi kura na mtu, na wala gavana hawezi kumfukuza. Msomaji akumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililomlinda mtu huyu, kwa kiasi fulani.

Waring alizaliwa Charleston tarehe 27 Julai 1880. Ukoo wake ulikuwa umekaa mji ule vizazi vinane, na wakati wa utumwa ulimiliki watu. Alisoma College of Charleston, akamaliza mwaka 1900. Chuo cha sheria hakwenda. Alijifunza katika ofisi ya wakili, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili mwaka 1902. Mwaka 1913 alimwoa Annie Gammell, wakapata binti mmoja. Kati ya 1914 na 1920 alikuwa mwendesha mashtaka msaidizi wa serikali ya shirikisho, kisha akarudi kwenye kazi yake binafsi, na kuanzia 1933 akawa wakili wa halmashauri ya mji. Nyumba yake ilikuwa namba 61 Meeting Street, mahali pa watu wa heshima. Alikuwa mwanachama wa vile vyama vya kifahari ambavyo mtu haingii kwa fedha, huingia kwa jina la babu yake.

Hatutaki kumpamba. Mwaka 1938 alisaidia kuendesha kampeni ya Seneta Ellison Smith, mwanasiasa aliyejulikana waziwazi kwa kuwadharau watu weusi. Wakati huo Waring alikuwa na miaka 58, na hakuna aliyemsikia akilalamika kuhusu mpango wa mji wake. Watu weusi walimpikia, walimfulia, walimlea tangu utotoni, na kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kama maji ya bandari kupwa na kujaa. Rais Roosevelt alipomteua kuwa jaji, akathibitishwa Januari 1942, wakubwa wa South Carolina walifurahi. Walijua wamepata mtu wao.

Mabadiliko yake hayakuja kwa kishindo. Yalianza na malalamiko ya mishahara. Mwaka 1944 mwalimu mweusi wa Charleston, Viola Duvall, alishtaki kwamba walimu weusi wanalipwa kidogo kuliko wenzao weupe wenye elimu na kazi ile ile. Marshall ndiye aliyekuwa wakili wa upande wake, naye alikuja amejiandaa kwa mapambano marefu. Waring aliona hakuna la kubishania, maana sheria ilikwisha kuamuliwa na mahakama za juu. Kesi ikaisha kwa muda mfupi wa kushangaza, walimu wakapata haki yao. Mwaka uliofuata aliamua hivyo hivyo katika kesi ya walimu wa Columbia. Ndani ya ukumbi wake mwenyewe alianza kuondoa mambo madogo madogo: watu waliacha kutengwa kwa rangi kwenye viti, na majina ya raia weusi walioitwa kwa kazi ya juri yakaacha kuwekewa alama ya rangi.

Tunaitaja tarehe ya kesi ya Duvall kwa makusudi. Juni 1945 Waring alimwacha Annie baada ya zaidi ya miaka 30 ya ndoa. Sheria za South Carolina hazikuruhusu talaka wakati huo, kwa hiyo ilibidi ipatikane Florida. Siku chache tu baadaye akamwoa Elizabeth Hoffman, mwanamke wa Kaskazini aliyekwisha kuachika mara mbili. Charleston ikafunga milango. Walioalikana nao chakula kila juma waliacha hata kuwasalimu. Maadui zake walisema tangu hapo, na wengine wanasema mpaka leo, kwamba hukumu zake zote zilikuwa kisasi cha mtu aliyetengwa na jamii yake kwa sababu ya mke. Lakini walimu walipata haki yao mwaka mzima na zaidi kabla ya talaka. Annie alitendewa vibaya, hilo hatulifichi, ila sababu ya hukumu zile hatuioni katika ndoa.

Tunaiona zaidi katika kesi ya sajenti mmoja. Tarehe 12 Februari 1946 Isaac Woodard, askari mweusi aliyetumikia Pasifiki, aliachiliwa kutoka jeshini huko Georgia. Akapanda basi kwenda kwa mkewe, akiwa bado amevaa sare. Njiani aliomba dereva asimame ili ajisaidie, wakajibizana. Walipofika mji mdogo wa Batesburg, South Carolina, dereva akaita polisi. Mkuu wa polisi, Lynwood Shull, alimpiga kwa rungu mpaka macho yote mawili yakaharibika. Kulipopambazuka Woodard hakuona kitu, na hakuona tena mpaka kufa kwake. Mwaka ule ule babu zetu waliokuwa wamepigana Burma walikuwa wakishuka meli wakiwa na medali, na kipande kikiwasubiri. Ndiyo maana tukiisoma habari ya sajenti huyu hatuhitaji kufafanuliwa.

Rais Truman alipoelezwa alishtuka, na serikali ya shirikisho ikamshtaki Shull. Kesi ikasikilizwa Columbia mwezi Novemba, mbele ya Waring. Upande wa mashtaka uliifanya kazi yake nusunusu. Waring aliona mwisho wake mapema: wale raia 12 wa juri, wote weupe, wangemwachia mshtakiwa kabla hawajaketi vizuri. Basi walipotoka kwenda kushauriana, yeye akaondoka kwenda kutembea nje, makusudi, ili wasiweze kurudi upesi na kuifanya mahakama kichekesho. Kama nusu saa hivi tangu watoke, Shull alikuwa mtu huru. Elizabeth, aliyekuwa ameketi ukumbini, alitoka analia.

Jaji hakuwa na la kufanya. Sheria haimruhusu kubatilisha uamuzi wa juri kumwachia mtu. Alirudi nyumbani, yeye na mkewe wakaanza kusoma. Elizabeth alimsomea kwa sauti jioni hadi jioni: kitabu kinene cha msomi wa Uswidi, Gunnar Myrdal, juu ya hali ya watu weusi Marekani, na kile cha W. J. Cash juu ya fikra za watu weupe wa Kusini. Waring alikuwa na miaka 66. Sisi tunawajua wazee wa umri huo, wengi wetu tunao nyumbani, na tunajua ni wangapi wanaokubali kufundishwa upya mambo waliyoyajua tangu utoto.

Kesi iliyofuata Wakenya wataielewa haraka kuliko Wamarekani wengi, kwa sababu ilihusu kura za mchujo. South Carolina ya wakati ule ilikuwa ngome ya chama kimoja, Democratic. Anayeshinda mchujo wa chama hicho ameshashinda kiti, na uchaguzi mkuu ni kukamilisha tu. Wengi wetu tumetoka maeneo ya namna hiyo, ambako tiketi ya chama ndiyo kiti chenyewe. Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua mwaka 1944 kwamba watu weusi hawawezi kuzuiwa kupiga kura za mchujo, bunge la South Carolina liliketi haraka likafuta sheria zote za jimbo zilizotaja mchujo, kiasi cha 150, ili chama kionekane kama klabu ya faragha inayochagua wanachama wake. George Elmore, mfanyabiashara mweusi wa Columbia, alijaribu kupiga kura mwaka 1946 akakataliwa, na akashtaki. Julai 1947 Waring aliamua kwamba ujanja ule ni bure, na kwamba wakati umefika kwa South Carolina kurudi katika umoja wa majimbo ya Marekani na kuchagua viongozi kama wenzake wanavyochagua. Kwa jimbo lililokuwa la kwanza kujitenga kabla ya vita vya 1861, maneno hayo yaliingia kama mkuki.

Chama hakikukoma. Kikadai kila mpiga kura aape kwanza kwamba anaunga mkono utengano wa rangi. Mwaka 1948 wakashtakiwa tena, safari hii na David Brown wa Beaufort. Waring alikifuta kiapo hicho na kuwatahadharisha viongozi wa chama kwamba atakayewazuia wapiga kura atafungwa kwa kudharau mahakama. Mwezi Agosti watu weusi wapatao 35,000 walipiga kura ya mchujo. Elmore alipiga kura, lakini biashara yake ikauawa, naye akafa akiwa fukara.

Kuanzia hapo maisha ya nyumba namba 61 yakawa magumu. Simu za matusi ziliingia usiku na mchana. Wana Waring hawakualikwa tena na mtu mweupe, wakaanza kuwakaribisha watu weusi mezani kwao, akiwamo mwalimu Septima Clark, ambaye baadaye alikuja kujulikana nchi nzima. Kwa Charleston jambo hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko hukumu yoyote, kwa sababu mtu mweusi aliingilia mlango wa mbele na kuketi kama mgeni. Januari 1950 Elizabeth alihutubia wanawake weusi wa mji huo na kuwasema weupe wa Kusini kwa maneno makali sana. Wabunge wa jimbo wakapitisha azimio la kutaka mume na mke wanunuliwe tiketi za kwenda tu, bila kurudi. Machi msalaba ukachomwa mbele ya nyumba yao. Oktoba, wakiwa wanacheza karata jioni, vipande vya zege vilivunja dirisha, na ikabidi jaji alindwe na maafisa wa shirikisho. Gazeti kubwa la mji, lililomlaumu bila kuchoka, lilikuwa chini ya mhariri aliyekuwa mtoto wa ndugu yake.

Ndipo likaja jambo la Clarendon, kaunti ya mashamba ya pamba iliyo mwendo wa saa moja na kitu kutoka Charleston. Mwanzo wake ulikuwa ombi dogo. Watoto weupe walikuwa na mabasi 30 ya shule. Weusi, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na hata moja. Kwa mwaka wa masomo 1949 hadi 1950 kila mtoto mweupe alitumiwa dola 179 na kila mtoto mweusi dola 43. Mchungaji Joseph DeLaine aliwakusanya wazazi wakatia sahihi. Jina la kwanza katika orodha lilikuwa la Harry Briggs, aliyekuwa askari wa majini katika vita na sasa anafanya kazi kituo cha mafuta. Mkesha wa Krismasi bwana wake alimpa boksi la sigara na kumwachisha kazi. Mkewe, Eliza, naye alifukuzwa kazi ya usafi katika moteli.

Marshall alipeleka kesi ya kudai usawa: shule za weusi zifanywe sawa na za weupe. Novemba 1950, mbele ya mawakili wa pande zote, Waring alimwambia kesi hiyo haitoshi. Kama anataka kuushambulia utengano wenyewe, aifute hii na alete nyingine inayosema hivyo kinagaubaga. Marshall hakufurahi. Alijua kesi ya namna hiyo lazima isikilizwe na majaji watatu, na kwamba Waring angekuwa mmoja dhidi ya wawili. Pia alijua rufaa ya majaji watatu huenda moja kwa moja Mahakama Kuu, na Waring alijua hivyo vile vile. Kuna wanaosema jaji alivuka mpaka wake, kwamba si kazi ya mwamuzi kumshauri upande mmoja. Hoja hiyo ina uzito na hatuwezi kuitupa. Sisi tunaona alisema hadharani, wapinzani wakisikia, na uamuzi wa kuleta kesi mpya ulibaki wa wazazi.

Wazazi walikubali. Tarehe 28 Mei 1951, kabla ya jua kuchomoza, watu wa Clarendon walikuwa wamefika Charleston kwa magari yaliyojaa, wakapanga foleni hadi barabarani. Wengi hawakupata nafasi ndani. Wakili wa jimbo alisimama mwanzoni kabisa akakiri kwamba shule za weusi ni duni, akaomba muda wa kuzitengeneza, akitegemea kuiondoa hoja kabla haijaanza. Marshall aliendelea. Alimleta Kenneth Clark, mwanasaikolojia aliyekuwa amewapa watoto weusi wa Clarendon wanasesere wa rangi mbili na kuwauliza yupi ni mzuri, na wengi wakamwonyesha yule mweupe.

Juni uamuzi ulitoka kama ilivyotarajiwa. Majaji Parker na Timmerman waliamua jimbo lisawazishe shule, lakini utengano ubaki halali. Waring aliandika peke yake, kurasa kama 20. Alisema wazazi wale hawakuja kuomba majengo. Wamekuja na swali, na mahakama inalikwepa. Aliwasifu kwa ujasiri, akaeleza kwamba fikra ya rangi ndiyo maradhi yenyewe, na kwamba utengano, hata majengo yawe sawasawa, wenyewe ni ukosefu wa usawa. Siku ile hukumu yake ya kutofautiana haikuwa na nguvu ya kisheria hata kidogo. Hakuna mtoto aliyebadilisha shule kwa sababu yake.

Februari 1952 Waring alistaafu, akahamia New York na mkewe, kwenye fleti. Clarendon nako watu walikuwa wakilipa gharama. Nyumba ya Mchungaji DeLaine iliteketea kwa moto, na mwaka 1955 kanisa lake pia likachomwa. Akakimbilia New York. Briggs ilimbidi aende mbali kutafuta riziki. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu, majaji tisa kwa sauti moja, ilitoa uamuzi juu ya kesi kadhaa zilizounganishwa, ya Clarendon ikiwamo, na ikasema kuhusu shule za umma jambo lile lile Waring aliloliandika peke yake miaka mitatu nyuma. Jioni ile marafiki walijaa katika fleti ya mzee.

Alikaa New York hadi kifo chake, tarehe 11 Januari 1968, akiwa na miaka 87. Kila mwanachama wetu anajua inavyokuwa mtu anapofia mbali: mikutano ya usiku, michango, simu za nyumbani kuuliza mwili unafika lini. Waring alirudishwa Charleston, akazikwa katika makaburi ya Magnolia walikolazwa watu wa tabaka lake. Watu weusi wapatao 200 walimsindikiza. Weupe waliofika hawakuzidi 12. Elizabeth alimfuata mwaka ule ule.

Mwaka 2014 mji ulimsimamishia sanamu katika bustani ya mahakama ya shirikisho, na Oktoba 2015 jengo lenyewe likapewa jina lake. Kabla ya hapo lilikuwa na jina la Seneta Ernest Hollings, ambaye alikuwa hai, naye ndiye aliyeomba jina lake liondolewe ili la Waring liwekwe. Wanachama wetu wanaokwenda kusini wakati wa likizo watalikuta kwenye kona ya Meeting Street na Broad Street. Kutoka hapo hadi namba 61 ni mwendo mfupi wa miguu.